Viraka 22 vya Mwanamke wa Huldremose



Sisi tunaoshinda kwenye cherehani tunajua nguo haina maisha marefu. Hapa kisiwani joto, chumvi na nondo havimuachi mtu. Gauni la harusi la bibi ukilitoa kwenye sanduku, linakubaki mkononi vipande vipande. Basi leo tunakuleteeni habari ya nguo zilizokaa ardhini zaidi ya miaka 2,000.

Mwaka 1879, huko Jutland, Denmark, mwalimu wa skuli Niels Hansen alikuwa akichimba mboji kwenye kinamasi cha Huldremose. Mboji ni majani yaliyoozea majini miaka mingi. Wenyeji waliikata, wakaikausha na kuiwasha kama kuni. Akakuta mwili wa mwanamke aliyevaa nguo zake kamili. Vipimo vya baadaye vilionesha kwamba alifariki kati ya mwaka 350 na 41 kabla ya Nabii Isa, naye alikuwa ameshapita miaka 40.

Kwa nini hakuoza? Maji ya kinamasi kile ni baridi, yana tindikali na hayana hewa, kwa hiyo vijidudu vya kuozesha haviishi. Majani yake huifanya ngozi kama fundi viatu anavyoitia dawa ngozi ya mbuzi. Sufu na ngozi hubaki, lakini kitani na nyuzi nyingine za mimea huliwa na ile tindikali.

Alivaa sketi ya sufu ya mirabaraba, iliyofungwa kiunoni kwa kamba ya ngozi iliyopitishwa kwenye ukanda, kama tunavyopitisha lastiki. Shingoni alizungusha mtandio wa mirabaraba, akaubana chini ya kwapa la kushoto kwa pini ya mfupa wa ndege. Juu yake alijitanda ngozi mbili za kondoo. Alikuwa pia na shanga mbili za kaharabu.

Leo nguo hizo zote ni za kahawia, na kwa miaka mingi watu walidhani ndivyo zilivyokuwa. Wataalamu walipopima rangi wakagundua sketi ilikuwa ya buluu na mtandio mwekundu! Wakaona pia alama za nguo ya ndani ya nyuzi za mimea, ambayo kinamasi kiliimaliza. Kumbe dada huyu alijisitiri zaidi ya vile alivyoonekana, na alipenda rangi kama sisi.

Kilichotugusa zaidi sisi mafundi ni ile ngozi ya ndani. Ina viraka 22. Kila palipochakaa, mkono wa mtu ulikaa ukapashona. Ndani ya kiraka kimoja mlikuwa na chanuo, utepe mwembamba wa nywele wa buluu na kamba ya ngozi. Vilishonewa kabisa, huvitoi bila kufumua mshono. Wapo wanaodhani ilikuwa kinga yake, kama hirizi. Sisi kinga yetu ni kwa Allah peke yake, lakini mwanamke anayeficha utepe wake wa nywele tunamuelewa.

Mwili wake sasa umo ndani ya kioo, Makumbusho ya Taifa, Copenhagen. Kwetu maiti huoshwa, akavishwa sanda na akarudishwa udongoni, na moyo hauachi kutamani naye asitiriwe. Jina lake halijulikani, mume wala watoto hawajulikani. Kinachomtambulisha ni mshono.

Bibi harusi, wateja wengi hutuambia gauni ni la siku moja tu, baada ya hapo litupwe. Tunakuombeni: chagueni kitambaa kitakachotengenezeka. Gauni lipunguzwe, livaliwe Idi, litiwe kiraka, arithi binti. Kiraka si aibu. Ni ushahidi kwamba kuna mtu alikuona unastahili kushonewa tena.

Allah atusitiri duniani na akhera. Amin.