Bembea

Katika kamusi, bembea inakaa jirani na bemba na bembeleza. Kumbemba mtu ni kumvuta kwa maneno na vitendo vitamu mpaka moyo wake ulegee. Kubembeleza tunakujua sote, kwa mtoto anayelia na kwa mpenzi aliyenuna. Ujirani huo niliuelewa vizuri zaidi nilipoitazama picha ya Mfaransa Jean-Honoré Fragonard, aliyoichora yapata mwaka 1767 na ambayo sasa iko Wallace Collection, London.

Mwanamke mwenye gauni la rangi ya waridi amepaa kwa bembea katikati ya miti. Nyuma yake, kwenye kiza, mzee anavuta kamba. Mbele, kijana ameegama kichakani, mkono wenye kofia ameunyoosha, macho juu. Kiatu kimoja cha mwanamke kimechomoka, kiko hewani bado, na sanamu ya Kupido, mungu wa mapenzi, imeweka kidole mdomoni: nyamaza! Mzee hana habari.

Makabaila wa Ufaransa ya wakati huo walikuwa na nafasi ya kucheza mchana kutwa, na wachoraji wa mtindo wa Rokoko waliwachora hivyo, watu wazima kabisa, wakifungana vitambaa machoni na kubembea bustanini. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa mengi hapa. Yule mwanamke anabembea na anabemba kwa wakati mmoja. Inaniuma kwamba kubemba nakusikia nadra siku hizi, na mahali pake tumebaki na kutongoza, neno lisilo na kamba wala upepo.