"Ulemavu wa kazi": istilahi moja, mafao mawili

Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, wafasiri wa Kigali wana kazi ya kuzipa sheria za hifadhi ya jamii maneno ambayo mfanyakazi atayaelewa akiwa dirishani na fomu mkononi. Istilahi mojawapo inayoponza ni "ulemavu wa kazi". Huyu husikia ulemavu ulioletwa na kazi. Yule husikia hali ya kushindwa kufanya kazi, hata kama ugonjwa ulimkuta nyumbani.

Chukua fundi mwashi aliyeajiriwa kwenye jengo huko Kimihurura. Akianguka kutoka jukwaani akaumia mkono, dai lake huenda tawi la ajali na magonjwa ya kazini la Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda (RSSB), linalochangiwa na mwajiri peke yake, asilimia 2 ya mshahara. Kiwango cha ulemavu wa kudumu kikifika asilimia 15, hulipwa pensheni. Kisipofika, hupewa mkupuo. Akipofuka kwa kisukari, dai huenda tawi la pensheni, ambako yeye na mwajiri huchangia sawa, na huko huulizwa kwanza amechangia muda gani. Mwiko umewekwa chini vilevile, na karo ya watoto ni ileile.

Uholanzi iliufuta mpaka huo kati ya ajali ya kazini na ugonjwa wa nyumbani mwaka 1967 kwa sheria ya WAO: haikuuliza maradhi yalipatikana wapi, iliuliza mtu amepoteza kiasi gani cha uwezo wa kujipatia kipato. Sheria ya WIA ya 2005 ilibana masharti, ikataka upotevu wa angalau asilimia 35, lakini kipimo kikabaki kipato. Naona kipimo hicho kina haki zaidi, kwa kuwa kidole cha shahada kikikatika, mshonaji hupoteza riziki ambayo mlinzi wa getini huenda asiipoteze.

Turudi kwenye istilahi: nchini Tanzania, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umeshazoesha watu "ulemavu wa kudumu", na neno hilo litumike kwa madhara ya mwili. Kwa chanzo, tuandike "ulemavu utokanao na kazi". Kwa matokeo, tuandike "kutoweza kufanya kazi", na kipimo chake kiwe "kiwango cha upotevu wa uwezo wa kazi". Ni maneno marefu, najua. Wafasiri wa Kigali, msiyafupishe: mgonjwa wa kisukari akisoma "ulemavu wa kazi" kwenye fomu, atadhani hahusiki, na hatadai.