Gereji ya Kwenye Foleni Busisi

Wengi wanaikumbuka foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi, katika Ziwa Victoria nchini Tanzania, kwa adha yake. Kwangu mimi, hapo ndipo nilipojifunza kufungua injini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, nchi ilikaukiwa fedha za kigeni, na spea zikaadimika hata kwa mwenye pesa mkononi. Baba alikuwa akiendesha Land Rover 109 ya petroli. Shule zikifungwa alinichukua, mtoto wa kike wa miaka kumi, nikawa tanboi wake. Kivuko kikiwa ng'ambo Kigongo, madereva walifunua boneti. Gasketi ilikatwa kwenye katoni, tundu la tangi la mafuta likazibwa kwa sabuni ya mche. Joto likichemsha petroli kwenye pampu hata gari likagoma, nilitumwa ziwani na kitambaa. Tulikizungusha kwenye pampu kikiwa chapachapa, tukangoja, gari likawaka.

Somo kubwa lilikuwa platini, vile vyuma viwili ndani ya distributa vinavyoachana na kugusana ili koili itoe cheche. Vikiungua, injini inakohoa. Baba alivisugua kwa msasa. Msasa ukikosekana, kwa ubavu wa kiberiti. Kisha akapima nafasi kati yake kwa kipande cha kadi, chini kidogo ya nusu milimita. Kama injini bado haijatulia, alishika kitambaa kikavu na kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja. "Sikiliza, mwanangu," aliniambia. "Ukichomoa waya na mlio usibadilike, mgonjwa yuko hapo."

Toyota yangu ya mwaka 2012 haina platini wala distributa. Kila plagi ina koili yake, na kompyuta ndiyo inayoamua cheche itoke lini. Taa ya injini ilipowaka na gari kuanza kutetemeka, fundi mmoja alinitaka ninunue koili zote nne. Nilikataa. Nikachomeka kifaa changu cha kupimia kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kikaandika P0301: silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Kwa spana namba 10 nikafungua koili ya kwanza na ya pili, nikazibadilishanisha nafasi, nikafuta msimbo na kuliwasha tena. Kikaandika P0302. Ugonjwa ulikuwa umehama na koili. Nilinunua moja.

Ile ni mbinu ya baba, ila sikio limesaidiwa na kioo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema magari ya sasa hayagusiki. Tangu magari ya mwaka 1996, Marekani ililazimisha soketi na misimbo ya aina moja, na nchi nyingine zikafuata. Ndiyo sababu kifaa kidogo kinasoma magari ya makampuni mengi. Kinachoniudhi ni funguo na kompyuta zinazodai programu ya kiwanda. Hapo mwenye gari amefungiwa nje ya mali yake, na baba asingelikubali hilo.

Tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa. Tunavuka kwa dakika chache, na foleni iliyonifundisha haipo tena. Basi wewe mwenye gari, kabla ya kununua redio kubwa, nunua kile kifaa, na siku ya kukichomeka mwite binti yako asimame karibu.