LiMux

LiMux ulikuwa mradi wa jiji la Munich, makao makuu ya jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, wa kuzihamisha kompyuta za watumishi wa jiji kutoka Windows ya Microsoft kwenda mfumo endeshi huria wa Linux. Uliamuliwa mwaka 2003, ukakamilika 2013, na mwaka 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Magazeti mengi yaliuandika kama pambano kati ya Linux na Microsoft. Lakini kilichousumbua zaidi kilikuwa kingine: ndani ya serikali ya jiji, kompyuta ziko chini ya nani?

Mwanzo wake ulikuwa wa kulazimika. Microsoft ilitangaza kwamba itaacha kuhudumia Windows NT 4.0, toleo ambalo jiji lilikuwa nalo kwenye kompyuta zipatazo 14,000. Ilibidi jiji lihame, likitaka lisitake. Meya Christian Ude wa chama cha SPD hakupenda jiji lake lipangiwe ratiba na muuzaji mmoja. Machi 2003 mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, alikatiza likizo yake milimani Uswisi akaenda kumwona Ude ana kwa ana, na kampuni ikashusha bei. Ude hakubadili msimamo. Tarehe 28 Mei mwaka huo baraza la madiwani likaichagua Linux.

Utekelezaji ulikwenda polepole. Mwaka 2004 kazi ilisimama kwa muda kutokana na hofu ya hataza za programu barani Ulaya, na watumishi wa kwanza hawakuhamishwa hadi 2006. Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa ndani ya jiji lenyewe. Munich haikuwa na idara moja ya teknolojia ya habari. Ilikuwa na vitengo zaidi ya 20 vilivyotawanyika katika idara mbalimbali, na kila kimoja kilikuwa kimezipanga kompyuta zake kivyake. Viongozi wa mradi walipewa jukumu la jiji zima bila kupewa mamlaka juu ya vitengo hivyo. Kila hatua ikawa mazungumzo.

Ugumu wenyewe unaonekana vizuri katika barua ya kawaida. Karani anapomwandikia mkazi kuhusu kibali, barua inahitaji nembo ya jiji, jina la idara, anwani, jina na simu ya anayeandika, pamoja na namba ya kumbukumbu. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na violezo vya Word ya Microsoft vyenye makro, yaani amri zinazojiendesha, ndani yake. Violezo vya namna hiyo vilikuwa maelfu, na makro zake hazikufanya kazi kwenye OpenOffice, programu huria ya ofisi ambayo jiji lilikuwa limeichagua. Kuviandika upya kimoja kimoja kungekula miaka. Timu ya LiMux ikabuni WollMux, programu inayosoma taarifa za mtumishi kutoka orodha kuu ya jiji na kuzipachika kwenye barua. Mtumishi akihamia ofisi nyingine, orodha inasahihishwa na barua zake zinafuata. Mwaka 2008 jiji liliitoa WollMux kwa umma kwa leseni huria. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mafanikio makubwa ya mradi huu, kwa sababu idara zilizokuwa zikijiendea kila moja njia yake zililazimika kukubaliana barua ya jiji iweje.

Baadaye Munich iliiacha OpenOffice na kuhamia LibreOffice, programu nyingine huria ya aina hiyo hiyo.

Mwaka 2012 jiji lilianzisha it@M, chombo cha kutoa huduma za kompyuta kwa idara zote. Mwishoni mwa 2013 mradi ulitangazwa kukamilika, kompyuta zaidi ya 14,000 zikiwa kwenye Linux. Jiji lilikadiria kuwa limeokoa zaidi ya yuro milioni 10. Utafiti ambao Microsoft iliuagiza kwa kampuni ya HP ulitoa hesabu tofauti, na jiji likaupinga.

Mwaka 2014 Ude aliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na Dieter Reiter, wa chama hicho hicho. Malalamiko yaliyokuwa ya chini kwa chini sasa yakapata masikio juu. Naibu meya Josef Schmid alisema hadharani kwamba watumishi wamechoka. Mengi ya yaliyolaumiwa, kama barua pepe na kalenda kwenye simu za mkononi, yalihusu seva na taratibu za usalama kuliko mfumo endeshi, lakini anayesubiri simu yake ifanye kazi hana sababu ya kutofautisha. Mwaka 2016 kampuni ya Accenture, iliyolipwa na jiji kuchunguza hali hiyo, iliona kwamba matatizo makubwa zaidi yalikuwa ya mpangilio wa kazi na mgawanyo wa madaraka. Hata hivyo, Novemba 2017 madiwani waliidhinisha kurudi Windows, kwa gharama ya zaidi ya yuro milioni 49.

Mwaka 2018 ndipo Munich ilipounda idara kamili ya teknolojia ya habari, na Thomas Bönig akawa mkuu wake wa kwanza. Mkuu wa idara hiyo huchaguliwa na madiwani na ana hadhi sawa na mkuu wa fedha au wa elimu. Cheo hicho kingekuwapo mwaka 2003, huenda LiMux ungepita njia nyepesi zaidi. Mwaka 2020 chama cha Kijani na SPD ya Reiter walikubaliana kwamba jiji litumie programu huria kila inapowezekana kiufundi na kifedha.

Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilitangaza kuzihamisha kompyuta zake zipatazo 30,000 kutoka Microsoft. Limeanza na LibreOffice na barua pepe, na kuiacha Linux ije baadaye. Tofauti na Munich ya 2003, huko huduma nyingi za kompyuta tayari ziko mikononi mwa Dataport, taasisi ya umma inayohudumia majimbo kadhaa ya kaskazini kwa pamoja.