Mtoto wa Kutumwa Sigara

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipozunguka bara kati ya 1857 na 1859, aliikuta tumbaku ya Usambara ikiwa bidhaa yenye jina. Majani yalitwangwa kinuni, yakakandwa kuwa vipande vyembamba vya mviringo, yakafungwa kwa majani ya mgomba na kushushwa pwani hadi Unguja. Mmea wenyewe ulitoka Amerika, ukafika kwetu baada ya Wareno kuingia bahari hii, lakini kufikia wakati huo hakuna aliyeuona mgeni tena. Babu alinusa ugoro, bibi alivuta kiko, na huko Lamu na Mombasa kipande cha tumbaku kilitiwa kwenye tambuu pamoja na popoo na chokaa.

Mtoto naye alikuwapo tangu mwanzo, ila kwa kutumwa. Ndiye aliyekimbilia mekoni kuleta kaa la moto la kuwashia kiko. Kutumia mwenyewe mbele ya wakubwa kulikatazwa kwa ajili ya adabu, wala si kwa ajili ya mapafu. Ugoro ulikwenda na umri: uliombwa, ukakaribishwa, ukatolewa kikoponi kwa mtu anayestahili. Bila shaka wapo vijana walioonja kwa siri. Hata hivyo, tumbaku ya nyumbani ilipita kwanza mkononi mwa mkubwa, na kwa maoni yangu sheria zote zilizokuja baadaye zimekuwa zikijaribu kumrudisha huyo mkubwa mahali pake, bila mafanikio makubwa.

Kilichomwondoa ni sigara. Kampuni ya sigara ya Waingereza, BAT, ilianza biashara Kenya mwaka 1907, na mwaka 1928 ikawa na kiwanda Jinja. Sigara ilikuja tayari, haihitaji kinu wala babu, na aliyeiuza hakujali wewe ni mtoto wa nani mradi una senti. Vijana waliokwenda kukata mkonge Tanga walirudi nayo kijijini, na askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliotoka vitani Burma vilevile. Pakiti katika mfuko wa shati ilitangaza kwamba mwenyewe ameona mji na amepokea mshahara.

Shule za misheni ziliipokea kwa viboko. Wasabato waliikataza kabisa, na uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ukaihesabu pamoja na pombe miongoni mwa mambo ya kutubu hadharani. Hapo uvutaji wa mwanafunzi ukapata sura mpya. Zamani ungemkosea mzee mmoja. Sasa ulikuwa uasi dhidi ya mwalimu, mchungaji na ratiba nzima ya bweni, na nyuma ya vyoo vya shule pakawa na baraza lake.

Mwaka 1967 unastahili kutazamwa kwa karibu. Mwezi Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, na miongoni mwa kampuni ambazo serikali ya Tanzania iliamua kumiliki hisa nyingi ilikuwamo BAT. Mwezi Machi Mwalimu Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Serikali ileile ikawa mwenye shule na mwenye sigara, na ushuru wa sigara ukaingia hazina ileile iliyolipa walimu. Madaktari wa London walikwishatoa ripoti yao juu ya madhara ya sigara mwaka 1962 na wa Marekani mwaka 1964, lakini Urambo, ambako mradi wa Waingereza wa karanga ulikuwa umeanguka, tumbaku ndiyo iliyoleta fedha. Miaka ya 1980 jina la Marlboro lilibandikwa kwenye Safari Rally, mashindano ambayo watoto wa shule walijipanga barabarani kuyashangilia. Kiwanda cha sigara cha Tanzania kiliuzwa kwa kampuni ya Marekani ya RJ Reynolds mwaka 1995, kikaingia mikononi mwa Wajapani mwaka 1999.

Sheria zikafuata: Tanzania 2003, Kenya 2007, zote zikikataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, Uganda 2015 ikapandisha hadi 21. Kenya ilikataza pia kuuza sigara moja moja. Sasa nenda stendi. Chinga anapita na boksi lake: sigara, karanga, Big G, pipi za kifua, na sarafu anazichezesha kiganjani zilie ili ajulikane. Mwanafunzi mwenye sare hana haja ya pakiti. Ananunua moja, na kutoka boksi lilelile ananunua pipi ya kuua harufu. Kibandani kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa kamba, cha bure kwa kila mteja. Na muuzaji mwenye nia ya kutii sheria atafanya nini, ikiwa mtoto anasema ametumwa na baba, na mara nyingi ni kweli? Wapo hata walimu wanaotuma.

Uchunguzi wa mwaka 2013 nchini Kenya, kwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, ulikuta asilimia 9.9 wanatumia tumbaku ya aina fulani: wavulana 12.8, wasichana 6.7. Wanaodhani hili ni jambo la wavulana tu hawajaitazama hiyo namba ya mwisho.

Novemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya iliitupa rufaa ya BAT dhidi ya kanuni za tumbaku za 2014. Lakini miezi michache kabla, kampuni hiyohiyo ilikuwa imeshaingiza sokoni Lyft, vifuko vya nikotini vya kubana chini ya mdomo, visivyo na moshi wala majivu. Mwalimu wa zamu anayenusa vidole vya wanafunzi hapati kitu. Mwaka 2020 serikali ilisema usajili wake haukuwa halali. Baadaye vikarudi madukani kwa jina la Velo. Mwaka 2024 muswada wa kurekebisha sheria ya 2007 ulifika Seneti, ili bidhaa za nikotini zisizo na jani nazo ziingie ndani yake.