Mamajusi wa Mashariki na Unabii wa Waebrania

Kila mwaka, Noeli ikikaribia, watoto wa shule huvikwa vilemba na majoho, hupewa visanduku vya dhahabu ya karatasi, na watu huwatazama wakisema, "Hao ndio wafalme watatu." Mchezo huo ni mzuri, wala hatusemi uachwe. Lakini mwalimu akiisoma sura ya pili ya Injili ya Mathayo neno kwa neno, hakuti humo wafalme wa mashariki, wala hesabu ya watatu, wala ngamia. Akuta mamajusi tu, waliofika Yerusalemu wakimwuliza mfalme wa Wayahudi aliyezaliwa. Basi mamajusi ni watu gani? Na mbona Mathayo, ambaye kwake unabii wa Waebrania ni kama nguzo za nyumba, awaleta wageni wasio na manabii hao kuwa wa kwanza kumsujudia Mtoto?

Neno hili limesafiri mbali mpaka kutufikia. Waswahili walilipata kwa Waarabu, na Waarabu kwa Waajemi. Katika mwamba wa Behistun, katika nchi ya Uajemi, mfalme Dario aliagiza yachongwe maneno ya kusimulia jinsi alivyomwua majusi mmoja, jina lake Gaumata, aliyejitwalia kiti cha enzi mwaka 522 kabla ya Kristo. Katika karne iliyofuata Herodotus Myunani aliandika ya kuwa mamajusi ni kabila moja la Wamedi, na ya kuwa Mwajemi hatoi dhabihu pasipo majusi kusimama karibu na kuimba. Baadaye Wayunani walimhesabu Zarathustra, mwalimu wa kale wa Waajemi, kuwa mkuu wao. Na zamani za wafalme wa Kisasani, waliotawala toka mwaka 224 hata 651, mamajusi ndio waliokuwa makuhani wa dini yake na walinzi wa moto wake. Waparsi waliokuja Unguja katika karne ya 19 kutoka Bara Hindi ni wa dini hiyo hiyo.

Lakini tusidhani ya kuwa neno hili lilikuwa la heshima siku zote. Katika Matendo ya Mitume, Elima aliyeshindana na Paulo huko Kipro aitwa kwa neno lile lile la Kiyunani, ila wafasiri wetu waliandika "mchawi". Katika Danieli ya Kiyunani neno hilo lataja baadhi ya wale waliojaribu kuifasiri ndoto ya mfalme wa Babeli, wakashindwa. Basi waliomsikia Mathayo mara ya kwanza huenda walishtuka: je! wenye ilimu ya kafiri, watazamaji wa nyota, ndio waitwao kwanza? Mshtuko huo ni sehemu ya mafundisho yenyewe. Mwalimu asiuondoe kwa kuwavika taji.

Hata hivyo Waajemi hawakuwa wageni kabisa kwa Waebrania. Mwaka 539 kabla ya Kristo mfalme Koreshi aliutwaa mji wa Babeli, akawapa Wayahudi waliohamishwa ruhusa ya kurudi kwao na kuijenga nyumba ya Mungu. Kwa ajili hiyo kitabu cha Isaya chamwita masihi wa Bwana, yaani mtiwa mafuta, naye si mtu wa Israeli. Baada yake Wayahudi walikaa chini ya Waajemi miaka mia mbili, na wengi hawakurudi, bali walikaa Babeli vizazi na vizazi. Wafuasi wa Zarathustra nao walimngoja mwokozi atakayezaliwa na mwanamwali mwisho wa nyakati, jina lake Saoshyant. Wako wasemao ya kuwa Mathayo aliyatoa huko mambo yake. Lakini vitabu vya Waajemi viliandikwa baada ya Injili, ijapokuwa maneno mengi yaliyomo ni ya kale zaidi. Tena Mathayo hamtaji Zarathustra hata mara moja. Yafaa kusema hivi tu: mataifa mawili yaliyokaa jirani yalikuwa na tumaini, na watu wenye tumaini husikilizana.

Sasa na tuutazame unabii wenyewe. Katika kitabu cha Hesabu twasoma habari za Balaamu, mgeni wa mashariki, aliyeajiriwa na mfalme wa Moabu awalaani Israeli, naye akabariki, akanena habari za nyota itakayotoka katika Yakobo. Mathayo hautaji unabii huo, lakini Wayahudi wa zamani zile waliujua sana. Hata Simon, aliyewaongoza kupigana na Warumi toka mwaka 132 hata 135, aliitwa Bar Kokhba, maana yake mwana wa nyota. Tena Origen, mwalimu wa Kanisa katika karne ya tatu, alifundisha ya kuwa mamajusi walikuwa na maneno ya Balaamu.

Hao wafalme na ngamia, basi, walitoka wapi? Walitoka kwa Isaya, sura ya 60, na katika Zaburi ya 72, panaposemwa habari za wafalme na zawadi, dhahabu na uvumba. Wakristo walisoma maneno hayo pamoja na Injili, na picha zikaungana. Hesabu ya watatu ilitokana na zawadi tatu. Lakini katika makaburi ya chini ya ardhi huko Roma yako mahali walipochorwa wawili, na mahali pengine wanne, na Wakristo wa Shamu walihesabu kumi na wawili. Vivyo hivyo Kanisa la Mashariki, lililokaa karne nyingi kati ya wafuasi wa Zarathustra, lilisimulia ya kuwa yeye mwenyewe aliwaagiza wanafunzi wake waingoje nyota. Theodore bar Konai aliyaandika hayo yapata mwaka 792. Si Injili, ni neno la jirani amwambiaye jirani yake, "Hata kwenu Mungu hakujiacha pasipo shahidi."

Lakini kiini cha habari kimo katika jambo dogo. Nyota haikuwapeleka mamajusi Bethlehemu moja kwa moja. Walifika kwanza Yerusalemu, wakalazimika kuuliza. Herode akawaita makuhani wakuu na waandishi, nao wakajibu upesi kwa kinywa cha nabii Mika: ni Bethlehemu ya Yudea. Jibu lao lilikuwa sahihi. Basi nyota peke yake haikutosha, Kitabu kilihitajiwa. Lakini angalieni tena: toka Yerusalemu hata Bethlehemu ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, wala hatusomi ya kuwa mwandishi hata mmoja alifunga safari. Wenye Kitabu walikaa. Wasio na Kitabu walikwenda. Na Herode naye aliusikia unabii ule ule, akautumia kutafuta watoto wa kuwaua. Neno moja liliwafikia watu wa namna tatu: mmoja alilikariri, mmoja akalifanyia uovu, mmoja akalifuata.

Yasimuliwa tena, katika barua ihesabiwayo kuwa ya mwaka 836, ya kuwa majeshi ya Uajemi yalipoingia nchi takatifu mwaka 614, yakibomoa makanisa, yalifika Bethlehemu, yakaona ukutani mamajusi wamechorwa kwa mavazi ya Kiajemi. Wakawatambua kuwa ni baba zao, wakaliacha kanisa lile lisimame. Kama ilikuwa hivyo hasa au sivyo, kanisa la Bethlehemu lingali limesimama hata leo.

Basi, ndugu walimu, tuyafundishe haya kwa uaminifu. Tuwaambie watoto lipi limeandikwa na lipi limeongezwa na wazee kwa upendo. Tusiwafundishe kuwadharau watu wa dini ngeni, kwa maana watu wa namna hiyo ndio waliofungua hazina zao mbele ya Mtoto. Na sisi tulio na Kitabu nyumbani, tena kwa lugha yetu wenyewe, tujiulize kila mmoja: tumekuwa wepesi wa kujibu tu kama waandishi wa Yerusalemu, au tumeondoka kwenda?