Nani Hupokea Motisha? Kodi, Mkopo na Umeme wa Jua wa Majumbani nchini Kenya tangu Miaka ya 1980

Historia ya umeme wa jua wa majumbani nchini Kenya haikuanzia kwenye ruzuku. Soko lilitangulia, sera ikafuata. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, mafundi waliopata mafunzo katika eneo la Meru na kwingineko katika nyanda za juu waliwafungia wakulima, walimu na wafanyabiashara wadogo paneli ndogo zilizounganishwa na betri za aina ya zile za magari. Wanunuzi wengi walilipa taslimu. Kilichowasukuma ni fedha za chai na kahawa pamoja na hamu ya kutazama televisheni. Aidha, mfumo uliweza kununuliwa vipande vipande: betri msimu huu, paneli msimu ujao.

Waliokosa mapato ya namna hiyo walibaki na koroboi. Mwaka 1998, taasisi ya IFC ya kundi la Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa PVMTI katika nchi za Kenya, India na Moroko, kwa nia ya kuchochea mikopo ya sola. Nchini Kenya mradi ulikwenda polepole. Kusita kwa wakopeshaji kunaeleweka: mkopaji akishindwa kulipa, dhamana yenyewe iko juu ya paa la nyumba yake, mbali na barabara.

Kizuizi hicho kilipunguzwa na simu. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA ikaingia sokoni na mfumo wa kulipa arbuni, kisha takriban shilingi 40 hadi 50 kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Asiyelipa huzimiwa taa kutoka mbali. Ni mkopo mkali, wala si wa bei nafuu ukilinganishwa na malipo ya taslimu, lakini ulifuata mwendo wa kipato cha kibarua, ambaye tayari alikuwa akinunua mafuta ya taa kwa kipimo kidogo kila jioni.

Serikali, kwa upande wake, iliyumba. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) ya mwaka 2013 ilivitoza vifaa vya sola asilimia 16. Mwaka 2014 msamaha ukarejeshwa. Mwaka 2020 ukaondolewa tena, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 ikaurudisha. Msamaha wa aina hii hutolewa kwa mwagizaji bidhaa. Humfikia mwenye nyumba pale tu bei inaposhuka, na kwa anayelipa kwa siku, kodi huonekana kama siku za ziada za deni. Yamkini hatua iliyowagusa maskini moja kwa moja zaidi haikukusudiwa kuwa motisha ya sola hata kidogo: tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa, iliyowekwa mwaka 2018 ili kuzuia uchanganyaji wa mafuta hayo na dizeli.

Mradi wa KOSAP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2017 kwa mkopo wa dola milioni 150, ulielekea kaunti 14 zilizoachwa nyuma, zikiwemo Turkana, Mandera na Wajir. Hata humo, fedha za mifumo ya majumbani zilipitia kwa makampuni, ili yakubali kufika mahali ambako wateja ni wachache na njia ni ndefu.